Kosa 403 Lililogeuka 500: Mtazame Mmiliki wa Faili Kabla ya Kugusa Ruhusa

Swali: Nimehamishia tovuti yangu ya WordPress kwenye seva mpya ya Ubuntu inayoendesha Apache, na faili zote nimeziweka ndani ya /home/tovuti/public_html. Nilipoifungua mara ya kwanza nilipata kosa 403. Nikashauriwa nitoe amri ya chmod -R 777 /home/tovuti, nami nikafanya hivyo. Sasa picha na kurasa za HTML zinafunguka, lakini kila kinachopitia PHP kinatoa kosa 500, na ninapoingia kwa SSH naombwa nenosiri ilhali awali niliingia kwa ufunguo. Kwenye seva ya zamani WordPress ilikuwa pia ikiniomba nenosiri la FTP kila nilipotaka kusasisha programu-jalizi. Je, mambo haya yanahusiana, na nianzie wapi kurekebisha?

Jibu: Ndugu msomaji, yote uliyoyataja yanahusiana. Katika kila moja, kuna mchakato ndani ya seva unaoendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani, unataka kufanya jambo fulani kwenye faili fulani, na jina hilo haliafikiani na mmiliki wa faili hiyo au na ruhusa zake. Hata hivyo, kosa 403 la mwanzo (kukatazwa kufikia ukurasa) na kosa 500 la sasa (hitilafu ndani ya seva) si kosa moja lililobadili sura. Ni makosa mawili, na hilo la pili limeletwa na amri uliyoshauriwa uitumie kuondoa la kwanza.

Kabla ya jambo lolote, usifunge dirisha la SSH ulilolifungua sasa. Programu ya SSH kwenye seva, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa kuusoma ufunguo wako ikiona kwamba folda yako ya nyumbani, folda ya .ssh au faili ya authorized_keys inaweza kuandikwa na mtu mwingine asiye wewe. Inafanya hivyo kwa sababu ya msingi kabisa: mtu anayeweza kuandika humo anaweza kujiongezea ufunguo wake mwenyewe na kuingia kwa jina lako. Amri ya chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, imeifungua milango yote hiyo mitatu, ndiyo maana ufunguo wako umeacha kukubalika. Toa amri hizi, kisha ujaribu kuingia kupitia dirisha jipya huku la zamani likiwa bado wazi:

chmod 711 /home/tovuti
chmod 700 /home/tovuti/.ssh
chmod 600 /home/tovuti/.ssh/authorized_keys

Ukishahakikisha kwamba unaingia kwa ufunguo, hifadhi hali ya sasa ya faili zote, hata kama ni hali mbovu, kwa sababu jina la mmiliki wa kila faili ni ushahidi tutakaouhitaji. Ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva, amri ya getfacl -R /home/tovuti > /root/hali-ya-kabla.txt itaandika wamiliki, makundi na ruhusa zote katika faili moja, na baadaye unaweza kuzirejesha kwa setfacl --restore iwapo utaharibu zaidi.

Sasa tuingie kwenye kosa lenyewe. Ukurasa mweupe ulioandikwa 403 au 500 umekusudiwa mgeni wa tovuti na hauelezi chanzo. Maelezo yapo kwenye logi, yaani faili ambamo seva huandika kumbukumbu zake. Kwenye Ubuntu na Debian, Apache huandika makosa yake katika /var/log/apache2/error.log, ingawa mpangilio wa tovuti yako unaweza kuwa umetaja faili nyingine kwenye mstari wa ErrorLog. Fungua dirisha moja kwa tail -f, amri inayoonyesha mistari mipya ya logi inapoandikwa, fungua tovuti kwenye kivinjari, kisha usome mstari unaotokea saa ileile. Kubadilisha ruhusa bila kuusoma mstari huo ni kubahatisha, na kubahatisha kwenye seva iliyo wazi kwa dunia nzima kuna gharama.

Kwa kosa 403, sentensi tatu zinazofanana kwa mbali hubeba maana tofauti kabisa. Ukiona "(13)Permission denied" ikifuatiwa na maelezo kwamba "search permissions are missing on a component of the path", kiini cha mfumo (kernel) ndicho kilichokataa, na tatizo liko kwenye folda mojawapo kati ya mzizi na faili, si lazima kwenye faili yenyewe. Ukiona "client denied by server configuration", kiini cha mfumo hakijahusika kabisa: Apache yenyewe imekataa kwa sababu ya mpangilio wake. Hili linaweza kukuhusu, kwa kuwa Apache ya Ubuntu huruhusu /var/www lakini hukataa sehemu nyingine nyingi mpaka uandike sehemu ya Directory ya /home/tovuti/public_html yenye maneno Require all granted. Na ukiona "No matching DirectoryIndex", maana yake ni kwamba folda inafikika ila haina index.php wala index.html, au jina la faili hiyo halimo kwenye orodha ya DirectoryIndex. Ruhusa zitatibu sentensi ya kwanza tu.

Kwa upande wako, nina hakika kubwa kwamba ilikuwa ya kwanza. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya kwa ruhusa 750, yaani mwenyewe anaweza yote, kundi lake linaweza kusoma na kupita, na wengine hawana chochote. Apache huhudumia wageni kwa jina la mtumiaji www-data, ambaye si wewe na hamo kwenye kundi lako. Hata kama faili zako zote zilikuwa 644, www-data hakuweza kuzifikia kwa sababu alizuiwa kwenye /home/tovuti.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika nambari kama 644, tarakimu ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ya kundi na ya tatu ya wengine, na kila moja ni jumla ya r (4), w (2) na x (1). Kwenye faili, ruhusa ya r ni kusoma, w ni kuandika, na x ni kuiendesha kama programu. Kwenye folda, herufi hizohizo zina kazi nyingine: r ni kuorodhesha majina yaliyomo, w ni kuongeza na kufuta majina hayo, na x ni kupita ndani kwenda kwenye kitu ambacho tayari unalijua jina lake. Ili kusoma /home/tovuti/public_html/index.php, mchakato unahitaji x kwenye /, kwenye /home, kwenye tovuti na kwenye public_html, kisha r kwenye index.php. Ikikosekana x katika folda moja tu, ombi zima linakwama. Jambo hili lina upande wake wa pili ambao hushangaza watu: uwezo wa kufuta faili hautegemei ruhusa za faili hiyo bali ruhusa ya w ya folda iliyoibeba. Kuweka faili katika 444 ndani ya folda yenye 777 hakuikingi isifutwe na kuwekewa nyingine yenye jina lilelile.

Kutazama njia nzima kwa mara moja kuna amri yake:

namei -l /home/tovuti/public_html/index.php

Amri hiyo huonyesha kila folda kwenye njia, mmiliki wake, kundi lake na ruhusa zake, kila moja kwenye mstari wake. Isome kutoka juu kwenda chini ukijiuliza, kwa kila mstari, kama www-data angeweza kupita. Usijaribu kwa jina la root, kwa sababu root haizuiwi na ruhusa hizi na majibu yatakudanganya. Jaribu kwa jina la yule anayekataliwa:

sudo -u www-data test -r /home/tovuti/public_html/index.php && echo inasomeka

Kiini cha mfumo huamua kwa utaratibu ambao haubembelezi. Kwanza hutazama kama mchakato ndiye mmiliki wa faili. Akiwa ndiye, ruhusa za mmiliki pekee ndizo zinazohesabiwa, hata kama za kundi au za wengine ni pana zaidi. Asipokuwa mmiliki, hutazamwa kama yumo kwenye kundi la faili, na akiwemo ruhusa za kundi ndizo za mwisho. Ruhusa za wengine hufikiwa tu pale yote mawili yameshindikana. Ndiyo maana nasisitiza mmiliki ajulikane kwanza: nambari 640 haina maana yoyote mpaka ujue 6 ni ya nani na 4 ni ya kundi gani.

Sasa kosa 500. Umesema picha zinafunguka lakini PHP inakataa, na mgawanyiko huo unaeleza mengi. Picha husomwa na Apache moja kwa moja kwa jina la www-data, na kwa 777 kila mtu anasoma. PHP kwenye seva yako inaelekea kuendeshwa kwa jina lako wewe kupitia suEXEC, chombo cha Apache kinachobadilisha mtumiaji kabla ya kuanzisha programu. Chombo hiki kiliandikwa kwa tahadhari kubwa. Kabla ya kuendesha kitu, huhakikisha kwamba programu inayoitwa na folda iliyoibeba ni mali ya mtumiaji aliyetajwa, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kuziandika, awe wa kundi au wa nje. Kikikuta 777, hukataa, na Apache ikikosa jibu kutoka kwa programu humpa mgeni 500. Kwenye error.log utaona sentensi isiyosaidia, kwa mfano "End of script output before headers". Sababu halisi imeandikwa katika /var/log/apache2/suexec.log, ambako utakuta "directory is writable by others", au "file is writable by others", au malalamiko kwamba nambari ya mmiliki hailingani na inayotarajiwa. Kwa mpangilio wa namna hii, kuongeza ruhusa huongeza makosa. Binafsi naona kukataa huko ni huduma njema kwako, kwa sababu seva imegoma kuendesha programu ambayo mtu yeyote ndani ya mashine angeweza kuwa ameibadilisha.

Malalamiko ya mmiliki yanastahili aya yake, kwa kuwa umehamisha tovuti. Mfumo haukumbuki jina la mmiliki. Unakumbuka nambari yake. Mtumiaji wa Apache kwenye Debian na Ubuntu ni www-data mwenye nambari 33, ilhali kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat huitwa apache na nambari yake ni 48. Ukifungua kifurushi cha tar ukiwa root, au ukitumia rsync -a kwa nambari tupu (--numeric-ids), faili zinaweza kuingia kwenye seva mpya zikiwa na nambari ambayo huku ni ya mtu mwingine, au si ya mtu yeyote. Watambue hivi:

find /home/tovuti/public_html ! -user tovuti -ls

Orodha ikitoka na nambari mahali pa jina, umeona mabaki ya seva ya zamani. Ikitoka na root, kuna mtu aliyefungua kifurushi au kunakili faili akiwa root na kusahau kukabidhi.

Marekebisho sasa yanakuwa mafupi, mradi ufuate mpangilio: mmiliki kwanza, kisha folda, kisha faili.

chown -R tovuti:tovuti /home/tovuti/public_html
find /home/tovuti/public_html -type d -exec chmod 755 {} +
find /home/tovuti/public_html -type f -exec chmod 644 {} +
chmod 600 /home/tovuti/public_html/wp-config.php

Huenda umesoma mahali kwamba amri moja ya chmod -R yenye X kubwa hutosha kwa folda na faili pamoja. Kwa kawaida ni kweli, lakini si baada ya 777, kwa sababu X kubwa huacha x kwenye kila faili ambayo tayari inayo, na sasa zako zote zinayo. Tumia find. Faili za PHP hazihitaji x, kwani zinasomwa na programu ya PHP na haziendeshwi zenyewe. Kinachohitaji x ni ile programu ndogo inayoianzisha PHP, ambayo mara nyingi hukaa katika folda kama fcgi-bin iliyo nje ya public_html. Hiyo pamoja na folda yake vipe 755 na uhakikishe ni mali ya tovuti, la sivyo suEXEC itaendelea kukataa hata baada ya kazi yote hii.

Folda ya /home/tovuti tumeiacha kwenye 711, yaani wengine wanaweza kupita lakini hawawezi kuorodhesha yaliyomo. Kama seva ina watumiaji wengine usiowaamini, ifunge kwa 710 na umpe www-data peke yake haki ya kupita kwa setfacl -m u:www-data:x /home/tovuti. Alama ya kujumlisha itakayojitokeza mwishoni mwa ruhusa kwenye ls -l itakukumbusha kwamba kuna ruhusa za ziada zisizoonekana kwenye nambari. Fahamu tu kwamba folda ikishakuwa na ruhusa hizo, tarakimu ya kati ya chmod hubadilisha kikomo chao, kwa hiyo chmod 700 ya baadaye itamzuia www-data bila kukuonya. wp-config.php inaweza kubaki 600 kwa sababu PHP inaisoma kwa jina la mmiliki. Ukiona baada ya hapo PHP inalalamika kwamba haiwezi kuisoma, basi haiendeshwi kwa jina lako, na unapaswa kuhakikisha ni nani:

ps -eo user,group,args | grep -E 'apache2|php'

Apache mzazi ataonekana kama root na watoto wake kama www-data. Hiyo ni kawaida. Kama huoni mchakato wowote wa PHP ulio peke yake hata wakati ukurasa unafunguliwa, PHP inaendeshwa ndani ya Apache kwa jina la www-data. Hapo ushauri hubadilika: mmiliki wa faili abaki tovuti, kundi liwe www-data, folda ziwe 750 na faili 640, kisha wp-content/uploads pekee iruhusiwe kuandikwa na kundi kwa 2770. Ile 2 ya mbele hufanya kila kitakachoundwa humo kirithi kundi la folda. Wapo wanaopendekeza kumpa www-data umiliki wa tovuti nzima, nami sikubaliani nao. Programu-jalizi moja yenye udhaifu itakuwa na uwezo wa kuandika upya kila faili ya PHP uliyo nayo, na kusafisha tovuti ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuijenga.

Hilo linatufikisha kwenye nenosiri la FTP. Kabla ya kusasisha chochote, WordPress huunda faili ya majaribio, kisha hulinganisha mmiliki wa faili hiyo mpya na mmiliki wa faili zake yenyewe. Wakiwa mmoja, huandika moja kwa moja. Wakitofautiana, huomba FTP. Tazama vizuri kwamba kinacholinganishwa ni mmiliki, kwa hiyo 777 haiondoi ombi hilo hata kidogo, nalo huendelea kuwashangaza watu waliokwisha kufungua kila kitu. Kwenye seva ya zamani, kwa dalili ulizoeleza, PHP ilikuwa ikiendeshwa kwa jina moja na faili zilikuwa za jina jingine. Kwenye seva mpya, mmiliki akishakuwa tovuti na PHP ikaendeshwa kwa jina hilo, ombi halitatokea tena. Ukiamua kuachana na suEXEC, nakupendekezea PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP nje ya Apache, yenye kundi lake la michakato (pool) ambamo user na group ni tovuti. Humo weka listen.owner na listen.group kuwa www-data na listen.mode kuwa 0660, maana Apache ikishindwa kuifikia soketi ya PHP-FPM, yaani njia yao ya kuwasiliana, itatoa 503, na Nginx, programu nyingine ya seva ya wavuti, itatoa 502, huku logi ikionyesha ileile 13 ya kunyimwa ruhusa.

Ikiwa umiliki na ruhusa vyote ni sahihi na bado kuna kukataliwa, lisome tena neno lenyewe la kosa. "Operation not permitted" si sawa na "Permission denied": ya kwanza, ikitokea hata kwa root, huashiria faili iliyofungwa kwa chattr +i, nawe utaithibitisha kwa lsattr. "Read-only file system" inahusu diski iliyounganishwa kwa kusoma tu, mara nyingi baada ya hitilafu, na chmod haina la kufanya hapo. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat kuna pia SELinux, ulinzi wa ziada ambao huweka lebo juu ya kila faili. Faili zilizohamishwa kwa mv kutoka folda ya nyumbani huja na lebo yao ya zamani, ls -Z huionyesha, na restorecon -Rv huirekebisha ikiwa faili zimeshafika mahali pake pa kawaida. Kuizima SELinux nzima kwa sababu ya lebo moja ni kosa la aina ileile ya 777.

Kuna kazi iliyobaki ambayo naomba usiipuuze. Kwa muda ambao folda yako ilikuwa 777, mtumiaji au mchakato wowote ndani ya seva hiyo uliweza kusoma wp-config.php na kuandika faili ndani ya tovuti. Kama seva inatumiwa na wengine, badilisha nenosiri la hifadhidata na zile funguo za siri zilizomo humo, na kama una ufunguo wa siri wa SSH ndani ya .ssh, tengeneza mpya. Kisha, ukiwa na WP-CLI, chombo cha kusimamia WordPress kwa amri, ingia kwenye public_html na utoe amri ya sudo -u tovuti wp core verify-checksums, itakayolinganisha faili za msingi za WordPress na zile zilizotolewa rasmi. Faili zilizo ndani ya wp-content hazikaguliwi na amri hiyo, kwa hiyo zitazame kwa jicho lako, hasa faili yoyote ya PHP iliyojificha ndani ya uploads, ambako kwa kawaida hapapaswi kuwa na programu.

Kuanzia leo, kila amri inayounda faili ndani ya tovuti itoe kwa sudo -u tovuti badala ya root, iwe ni kufungua kifurushi, kusasisha au kunakili. Na mara kwa mara endesha amri ifuatayo, ambayo kwenye tovuti iliyopangwa kama nilivyoeleza haipaswi kurudisha hata mstari mmoja wa ndani ya public_html; ikirudisha faili za nje yake, hayo ni mabaki ya 777:

find /home/tovuti \( -type f -o -type d \) -perm -o+w -ls